Ndoo Ilifika Imejaa

Tarehe kumi na nane mwezi wa kumi, Jumamosi, saa tatu na robo asubuhi, mjukuu wangu wa kwanza alifariki akiwa kifuani kwangu. Alikuwa wa kiume. Ilikuwa siku yake ya sita duniani, na uzito wake siku aliyozaliwa ulikuwa kilo moja na gramu mia tatu.

Kwetu mtoto wa namna hiyo hawekewi matanga. Anazikwa, watu wanakaa kidogo mkekani, na kesho yake kila mtu anarudi shambani kuokota korosho. Waliokuja waliniambia pole mara moja. Wengine walisema, "Mshukuru Mungu, mama mtu yu hai." Nilishukuru, na hadi leo nashukuru. Lakini hakuna aliyeniuliza ilikuwaje, na mimi sikusema.

Niliishia darasa la saba. Sijawahi kuandika kitu kirefu kuliko barua. Hiki nakiandika kwa sababu katika faili la binti yangu kuna mahali palipoandikwa siku na saa, pakakatwa kwa mstari, pakaandikwa upya pembeni. Mstari ule ulipigwa kwa ajili yangu.

Tunakaa Makote, upande wa Newala. Mvua zikinyesha tunakinga maji ya mabati na kuyaweka kwenye visima vya saruji vya nyumbani. Ikifika mwezi wa tisa kisima kimebaki na tope na vyura, basi tunategemea bomba la kijiji, ambalo hufunguliwa siku linapofunguliwa. Ukisikia limefunguliwa unaacha hata chungu jikoni.

Binti yangu alikuwa na mimba ya miezi saba. Ilikuwa ya kwanza. Mume wake hupata kazi ya kubeba magunia ghalani Mtwara msimu wa korosho, kwa hiyo yeye alirudi kwangu kusubiri siku zake. Asubuhi nilikuwa nikimsalimia, kisha nalisalimia tumbo.

"Mume wangu ameamkaje?"

Kwetu bibi humwita mjukuu wa kiume mume, na mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kuwa ni wa kiume.

"Mume wako mvivu," binti yangu alikuwa akijibu. "Mchana kutwa analala, nikilala mimi ndiyo anaanza ngoma."

"Basi huyo ni wangu kweli. Marehemu babu yake alikuwa hivyohivyo."

Alhamisi ya tarehe tisa bomba lilifunguliwa mchana. Mimi nilikuwa nimekwenda mara mbili na goti lilikuwa limeanza kunikataa. Binti yangu akasema, "Kaa, mama, ndoo moja naileta mimi." Sikumtuma, lakini sikumkataza pia. Hakuna mwanamke kwetu aliyeacha kubeba maji kwa sababu ya mimba, na mimi nilibeba hadi wiki ya mwisho kwa watoto wangu wote wanne.

Sisi tunaobeba maji kichwani tuna desturi yetu. Ndoo ikishajaa tunaweka sahani ya bati ielee juu ya maji, ili yasicheze na kumwagika njiani. Anayejua kubeba anaweza kutoka bombani hadi nyumbani asimwage hata kikombe. Binti yangu anajua kubeba. Nilimfundisha mwenyewe akiwa na miaka saba, kwa kidumu.

Aliporudi alikuwa mbele, nyuma yake wanawake wengine watatu na ndoo zao. Mmoja ni jirani yetu ambaye hana mtu asiyemtania. Alianza kupiga kelele wakiwa bado barabarani.

"We bibi! Njoo umpokee mtoto wako, amelowa kama kifaranga! Sijui ndoo ndiyo imetoboka au mbebaji!"

"Utoboke wewe," binti yangu akamjibu. "Ndoo yangu nzima."

"Basi kaoge, maji ya bure hayo!"

Wote walicheka. Hata mimi nilicheka. Nikaenda kumsaidia kutua.

Ndoo ilifika imejaa. Nasema hivyo kwa sababu niliishika kwa mikono yangu na niliitazama. Maji yalikuwa palepale tunapojazia, na sahani ilikuwa imetulia katikati. Mabega ya binti yangu yalikuwa makavu. Kitambaa cha kichwani, pale chini ya ngata ya kutulizia ndoo, kilikuwa kikavu. Kitenge chake ndicho kilichokuwa kimelowa, kuanzia mapajani mpaka chini, na ndara zake zilikuwa zinalia maji kila akipiga hatua.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, "mbona haya maji ya vuguvugu?"

"Ndoo imekaa juani," nikamwambia. "Umemwagikiwa. Nenda kabadili nguo."

Hayo ndiyo niliyoyasema. Katika uzazi wangu wote, uchungu ulikuwa unaanza kwanza, na chupa ilikuwa inapasuka mwisho, mtoto akiwa mlangoni. Kwa hiyo kwangu maji bila uchungu hayakuwa maji ya uzazi. Nilijiona nimekisoma kitabu chote, kumbe nilikuwa nimesoma kurasa zangu nne tu.

Ijumaa tulikuwa shambani. Mimi naokota, yeye ameketi kwenye gunia chini ya mkorosho anatenganisha korosho na mabibo. Kila alipoinuka gunia lilikuwa na unyevu. Alikuwa amekunja vipande vya khanga kuukuu na kuvivaa.

"Mama, naona aibu kusema. Nadhani najikojolea."

"Mtoto amekalia kibofu. Mimi nilipokuwa na mimba yako nilikuwa nikipiga chafya tu, tayari."

Alicheka sana, akapata amani. Mwezi huo mabibo yanaoza chini ya kila mti, na harufu yake inaingia hata kwenye mkate. Kama nguo zake zilikuwa na harufu nyingine, mimi sikuisikia. Wala sikuitafuta.

Jumamosi asubuhi nilimkuta ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili. Mgongo ulikuwa unamkata, unaacha, unakata tena. Hapo ndipo nilipoogopa. Tulikwenda zahanati polepole, yule jirani yetu mtani akiwa amembebea mfuko. Muuguzi wa zahanati alitazama kile kipande cha khanga mara moja tu, akauliza mimba ina miezi mingapi, akachukua simu.

Tukiwa tunasubiri gari la wagonjwa jirani alinivuta pembeni. Siku hiyo hakuwa na utani.

"Wakikuuliza, sema yameanza leo. Ukisema juzi watakugombeza, na mgonjwa wako watamweka nyuma."

Simlaumu. Ndivyo tulivyozoea. Homa ya siku nne ikifika hospitali inakuwa ya jana jioni. Kidonda cha mwezi kinakuwa cha wiki. Tunapunguza siku kama anayepunguza mzigo kabla ya kupanda mlima, tukidhani tumejisaidia.

Mahali tulipopokelewa kwanza, chumba cha watoto njiti, yaani wanaozaliwa kabla ya wakati, kilikuwa kimejaa. Gari lilelile likatuteremsha hadi Masasi. Binti yangu alikuwa amelala ubavu wa kushoto kama alivyoagizwa, na kwenye kona za mteremko nilimshika bega asiteleze. Milima ya mawe ya Masasi ilipoanza kuonekana aliniuliza:

"Mama, wa miezi saba anaishi?"

"Anaishi. Wazee wanasema wa miezi saba anaishi, wa minane ndiye hana maisha."

Nilikuwa nimeshikilia usemi huo tangu asubuhi. Sikuwa na kingine.

Muuguzi aliyetupokea Masasi alikuwa mwanamke mfupi, wa makamo ya binti yangu mkubwa, mwenye sauti nzito isiyolingana na mwili wake. Aliniamkia shikamoo kabla sijakaa.

"Mmetoka wapi, bibi?"

"Juu huko, Makote."

"Watu wa mlimani! Karibuni. Huku utaoga mpaka uchoke."

Binti yangu akatabasamu, na nadhani ndicho muuguzi alichokuwa anakitaka. Alivuta pazia, akanawa mikono, akavaa glavu. Alitueleza kila anachofanya kabla ya kukifanya. Alisema hatamchunguza kwa kuingiza vidole, kwa sababu chupa ikishapasuka mapema kila kidole kinaweza kupeleka vijidudu kwa mtoto. Alitazama tu kwa kifaa kisafi, akamwambia akohoe. Akakohoa, na maji yakashuka.

"Hii ni chupa, mdogo wangu. Imepasuka. Maji yalianza kutoka lini? Siku gani, saa ngapi?"

Alimuuliza binti yangu. Nikajibu mimi.

"Leo. Alfajiri."

Binti yangu aligeuza uso akanitazama. Sikumlea ili amkanushe mama yake mbele ya watu. Alinitazama kiasi cha mtu kuhesabu tano, kisha akageukia ukuta. Muuguzi akaandika.

Halafu akatueleza. Alisema mtoto bado mapafu yake ni machanga, kwa hiyo mama atachomwa sindano za kuyakomaza, kila baada ya saa kumi na mbili, mara nne. Atapewa dawa za kuzuia vijidudu, maana mlango umekwisha kufunguka. Kisha watangoja. Kama joto la mama halipandi, maji hayanuki, na moyo wa mtoto hauendi mbio, watamwacha mtoto tumboni hata wiki, hata zaidi.

"Kila siku anayokaa humo ni siku ambayo sisi hatuna mashine ya kuitengeneza," alisema. "Lakini siku ikifika tumbo si salama, hatungoji hata saa moja. Ndiyo maana nimeuliza saa."

Nilisikia vizuri. Alikuwa amesema Kiswahili cha kawaida, polepole, na alikuwa ananitazama mimi. Ningeweza kusema palepale. Nilisema, "Ahsante, mwanangu."

Uchungu ulitulia jioni ile. Binti yangu alilazwa kwa ubavu, akikatazwa kuinuka bila sababu. Mimi nilipewa kazi yangu: pedi zisitupwe kabla muuguzi hajaziona, zibadilishwe kila zinapolowa, na mikono inawiwe kabla na baada. Kila baada ya muda alikuja na kipimajoto, akaja na kipembe cha kusikilizia mapigo ya mtoto, akakibana tumboni na kuinamisha sikio, huku anatazama saa ya mkononi. Midomo yake ilikuwa inahesabu bila sauti. Nilikuwa sipumui mpaka amalize. Alikuwa anaandika kila kitu, na kila alipoandika nilikuwa najua kwamba mstari wa juu kabisa wa karatasi ile ni uongo wangu.

Jumapili asubuhi nilitoka kufua nikamkuta muuguzi amesimama kando ya kitanda na kipimajoto. Alikitazama, akakipangusa, akapima upya. Akaomba pedi. Aliisogeza karibu na pua bila kukunja uso, kama mtu anayenusa kama maziwa yamechacha. Akasikiliza mapigo ya mtoto. Akahesabu, akarudia. Kisha akaniita nje, kwenye ukumbi.

"Bibi, mimi sikugombezi. Nataka unisaidie. Mwili wa binti yako unasema jambo moja na faili linasema jingine. Maji yaliyoanza jana alfajiri hayanuki hivi leo. Nani mwongo, mwili au faili?"

"Faili," nikasema.

"Lini?"

"Alhamisi. Saa nane mchana. Alikuwa anatoka bombani."

Alilifungua faili akaliegemeza ukutani. Nilidhani atafuta, lakini alipiga mstari mmoja mwembamba juu ya maneno, akaandika mengine pembeni, akaweka sahihi. Aliona namtazama.

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema. "Kosa halifutwi. Linakatwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka."

Akaenda kumwita daktari, anatembea haraka bila kukimbia.

Daktari alisema tumbo si salama tena. Dawa zilibadilishwa zikawa za mshipa, na ikatundikwa dripu ya kuanzisha uchungu. Sindano za mapafu alikuwa amepata mbili. Nyingine zilisimamishwa kwa sababu ya vijidudu.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, saa tano asubuhi. Alilia. Sauti yake ilikuwa ndogo kama ya paka aliyefungiwa nje, lakini alilia, na wote chumbani walisikia. Walimfuta, wakamvika kofia ya sufu, wakampeleka chumba cha njiti. Mrija mmoja wa hewa puani, mwingine mwembamba wa kupitishia maziwa, na dawa mguuni. Mguu wenyewe ulikuwa mnene kama kidole changu gumba.

Binti yangu alikuwa anatetemeka kwa homa, hawezi hata kukaa. Yule muuguzi akanijia.

"Bibi, vua blauzi."

"Mimi?"

"Una kifua au huna?"

"Ninacho, lakini kimezeeka."

"Hatutafuti kizuri, tunatafuta cha moto."

Nilinawa hadi viwikoni. Akanikalisha kwenye kiti chenye mgongo, akamweka mtoto kati ya matiti yangu, tumbo lake kwenye ngozi yangu, miguu imekunjwa kama ya chura, uso umegeuzwa upande ili apumue. Akamfunga kwa khanga, juu akaniongezea blanketi. Akaniambia joto la mtu linamfaa njiti kuliko blanketi kumi, na kwamba moyo wangu utamfundisha wake.

Nimebeba watoto mgongoni maisha yangu yote. Sikuwahi kubeba mbele hivyo, ngozi kwa ngozi. Alikuwa mwepesi kuliko ngata ya kubebea maji ikilowa. Nilisema kimoyomoyo, mume wangu, mimi ndiye niliyekuchelewesha. Sikujua niseme nini zaidi.

Watoto wa umri huo wanasahau kupumua. Sikujua. Muuguzi alinionyesha: kifua kikitulia mno, usipige kelele, usimtikise, gusa tu wayo wake kwa kidole, kama unayebisha mlango wa mtu aliyelala. Nikabisha, akavuta pumzi. Siku ile nilibisha mara tatu. Jumanne mara tano. Nilikuwa nahesabu, maana nilikuwa nimeona kwamba pale kila kitu kinahesabiwa, na anayehesabu hadanganyi.

Binti yangu alikamua maziwa akiwa amelala. Ya kwanza hayakujaza hata kizibo cha soda. Yaliingizwa kwa bomba la sindano kupitia ule mrija, tone kwa tone, na muuguzi akasema, "Hii ndiyo dawa ambayo hatuuziwi na mtu."

Jumatano alifika mkwe wangu kutoka Mtwara, na vumbi la ghala bado kwenye nyusi. Alinawa mara tatu kama alivyoambiwa. Alitaka kumwadhinia mwanawe, maana hakuwapo alipozaliwa. Muuguzi akamwambia sauti kubwa inawashtua njiti. Basi aliinama mpaka sikioni pa mtoto, kwa kuwa mtoto alikuwa kifuani kwangu na mimi ni mkwewe, akafumba macho kwa haya, akaisoma adhana yote kwa kunong'ona. Mimi nilitazama dari.

Alhamisi homa ya binti yangu ilishuka, naye akaanza kumbeba. Tukawa tunapokezana. Siku hiyo mtoto alifungua jicho moja.

"Mama, mume wako kaamka. Anakutafuta."

"Mwambie nimekwenda kuoga. Huku maji yapo."

Nakumbuka tulivyocheka, taratibu ili tusiwaamshe wengine. Nilidhani wazee walisema kweli kuhusu miezi saba.

Ijumaa tumbo la mtoto lilivimba na rangi ikageuka, ikawa ya majivu. Daktari alisema vijidudu vimeingia kwenye damu, alikuwa amevipata tumboni mwa mama yake. Waliongeza dawa. Sikuhesabu tena nilivyobisha siku ile.

Jumamosi asubuhi nilimwambia binti yangu aende akanywe uji, mimi nimbebe. Saa mbili na nusu kifua kilitulia. Nikagusa wayo, akapumua. Kikatulia tena. Nikagusa, nikagusa. Nikaita. Muuguzi alikuja, akamchukua, akampulizia hewa kwa kifuko cha kubana kwa mkono, wakawa wawili, kisha daktari. Walifanya kazi kwa muda mrefu kuliko nilivyotegemea kwa mtoto mdogo kiasi kile. Kisha muuguzi alimfungua ile mirija, akamrudisha kifuani kwangu, akatufunika wote wawili. Alimsikiliza kwa mara ya mwisho akiwa palepale, akatazama saa ukutani na kuitaja.

Hakuniondoa. Alikaa kwenye stuli karibu yangu.

Binti yangu alirudi ameshika kikombe cha uji. Alikuwa ameniletea mimi. Alisimama mlangoni nacho, na hakuhitaji kuambiwa. Alikuja akakiweka chini polepole, asimwage, ndipo akapiga magoti.

Kabla hatujaondoka nilimfuata muuguzi pale anaponawia mikono. Nilitaka kujua, na nilijua hatanidanganya.

"Ningesema kweli Jumamosi ile, angepona?"

Alifunga bomba kwanza.

"Dawa za vijidudu nilizianza Jumamosi hiyohiyo, bibi. Kwa usiku ule mmoja sijui, na nikikuambia najua nitakuwa mwongo. Lakini mngekuja Alhamisi, ningekuwa na mambo mengi ya kufanya."

"Ahsante," nikasema.

"Ukifika nyumbani waambie wanawake wenzako. Maji yakitoka kabla ya uchungu, hata kijiko kimoja, hata kama hawana hakika, waje. Wakifika ikawa ni mkojo, tutacheka wote na watarudi kwao."

Tulimzika siku ileile Makote, alasiri. Kuna waliosema mtoto wa siku sita hana mambo mengi, wanawake wamzike tu. Shehe akasema mtoto aliyelia amekwisha kuwa mtu: ana haki ya kuoshwa, kukafiniwa, kuswaliwa na kupewa jina. Baba yake akampa jina. Silitaji hapa. Maji ya kumwoshea yalitoka kwa yule jirani yetu, ndoo yake nzima, na wiki ile bomba halikuwa limefunguliwa. Aliileta kichwani mwenyewe, na hakusema neno la utani siku ile wala siku saba zilizofuata.

Jumatatu nilirudi shambani. Nilipokwenda bombani niliwaambia wanawake wenzangu alichoniagiza muuguzi. Niliwaambia pia kuhusu kupunguza siku. Wengine waliitikia, wengine waliangalia ndoo zao. Lakini binti yangu sikumwambia kitu. Tulikuwa tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja, na lile neno nililolisema hospitali, leo, alfajiri, lilikuwa limekaa katikati yetu. Hakuliuliza. Nilikuwa nikimwona ananitazama anapodhani sioni, kama alivyonitazama siku ile kiasi cha kuhesabu tano.

Baada ya wiki sita tulirudi Masasi apimwe. Ilikuwa muuguzi yuleyule. Alimkumbatia binti yangu, akampima presha, akamuuliza maswali, akamwambia mimba ijayo aanze kliniki mapema na aseme tangu siku ya kwanza yaliyompata. Faili lilikuwa wazi mezani. Binti yangu amefika kidato cha nne, anasoma haraka kuliko mimi, hata karatasi ikiwa kichwa chini miguu juu. Nilimwona macho yake yamesimama sehemu moja ya karatasi.

Tulikaa kwenye benchi nje, upande wa mtaa wa Mkomaindo wanakouza matunda na nguo za watoto, kusubiri gari.

"Mama, ule mstari aliukata lini?"

"Jumapili asubuhi."

"Nani alimwambia?"

"Mimi."

Alitazama mikono yake.

"Mimi nilidhani waligundua kwa vipimo. Wiki zote hizi nilikuwa nadhani hukusema."

"Nilisema. Nilichelewa, lakini nilisema."

Nikaona kama sitasema sasa sitasema tena.

"Alhamisi ile," nikamwambia, "ndoo ilifika imejaa. Niliiona. Mabega yako yalikuwa makavu. Nikakuambia umemwagikiwa."

"Hata mimi niliiona, mama," alisema. "Niliweka sahani mwenyewe."

Machozi yalimtoka, yangu pia. Mwanamke aliyekuwa anauza ndizi karibu nasi alisogeza kapu lake upande mwingine, akatugeuzia mgongo ili tusione haya. Kondakta wa gari la Newala akaanza kuita abiria. Binti yangu alijipangusa kwa ncha ya mtandio, akanyanyuka, akachukua mfuko wangu akaubeba pamoja na wake, tukaenda kupanda.